Mwalimu wa Mawakili na Jiko Langu

Mwaka ule tulikula uwele asubuhi, uwele mchana, jioni michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kesho yake tukaanza tena na uwele. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Lakini madukani kulijaa! Sabuni za kunukia, sukari, biskuti za kwenye bati, mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke anayecheka peke yake. Ile miaka ya kupanga foleni duka la ushirika kwa kipande cha sabuni ilikuwa imekwisha. Sasa kila kitu kilikuwapo isipokuwa chakula. Serikali ilisema ruhusa, kila mtu afanye biashara, nami nikafanya. Nilichukua jiko la nyumba ya wageni pale Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi, nikawa nawapikia wasafiri. Mwaka huohuo wa uwele ndio Mwalimu alipokuja na mawakili wake.

Namwita Mwalimu kwa sababu sikusikia mtu akimwita vingine. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, aliolewa na nani, hayo kawaulizeni wenye kujua. Mimi namjua kuanzia mlango wa jiko langu kuingia ndani.

Naandika haya kwa sababu moja. Mjukuu wangu ni wakili. Ngoja niseme tena, huenda kuna aliyepitiwa: mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ni wakili, ana joho, na ana ofisi Singida mjini yenye mlango wa kioo. Mimi niliishia darasa la nne. Sasa hawa mawakili chama chao kinawadai kila mwaka waonyeshe karatasi kwamba wamerudi darasani kujifunza. Bila karatasi leseni haitoki, na bila leseni joho linabaki la kufunikia unga. Mwaka huu karatasi moja ya mjukuu wangu ilikosa sahihi, na sahihi yenyewe ni ya Mwalimu. Mwezi ulikuwa unaisha. Akanijia nyumbani na macho mekundu, akasema, "Bibi, wewe unamjua yule mama. Twende ukaniombee."

Namjua, ndiyo. Na ninyi mjueni kwanza, ndipo niwaambie ilivyokuwa.

Alikuwa mfupi, miguu imekaa mbalimbali kama mtu aliyejiandaa kusukumwa. Viatu vya chini, mkoba mweusi mkubwa wa kutosha kubeba mtoto. Mkononi saa ya kiume iliyokuwa imesimama saa tatu kasorobo tangu sijui lini. Na mtu mwenye saa iliyokufa ndiye aliyekuwa mkali wa muda kuliko king'ora! Ukichelewa anainua mkono, anaitazama saa, anakutazama wewe, anatikisa kichwa. Mawakili wakubwa, watu wenye vitambi na watoto chuoni, wanaomba radhi mbele ya saa isiyotembea.

Siku ya kwanza nilipoona wanaume wazima na wanawake wawili watatu wamekaa kwenye viti vya ukumbi wakiwa na madaftari, nilimvuta pembeni.

"Mwalimu, hawa si walishamaliza shule?"

"Walimaliza, Mama Mpishi. Walisoma sheria za duka la ushirika. Sasa duka limeuzwa."

Nikaelewa palepale. Mashirika ya serikali yalikuwa yanauzwa kama kuku mnadani, benki zinafunguliwa za watu binafsi, wageni wanakuja na makaratasi wanataka ardhi, na mawakili wetu walikuwa wamesomea mambo mengine kabisa. Ni kama kumpa mpishi wa uwele mchele wa pilau siku ya harusi ya watu.

Kwa nini Misigiri? Alinieleza mwenyewe, bila haya. Mjini wangemtoroka. Mjini kuna mahakama, kuna baa, kuna jamaa. Misigiri basi lilipita mara moja, asubuhi, tena likiwa limejaa. "Nimewaleta mahali ambapo mtu akikasirika hana pa kwenda," alisema. Kweli wengine walikasirika. Walitembea mpaka barabarani, wakasimama kwenye vumbi na mikoba yao, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakarudi kunywa chai.

Masomo yake hayakuwa ya kugawa kama uji wa shule, kila mtu kikombe kimoja. Alimpima kila wakili kama fundi cherehani anavyompima mteja. Mwezi mzima kabla hawajaja aliwaandikia barua yenye swali moja tu: kesi gani umeshindwa, na unadhani ulishindwa kwa nini? Akishapata majibu anakaa nayo, anayakata, anayaunganisha, na kila aliyekuja alikuta somo limeshonwa kwa mwili wake. Aliyeshindwa kwa sababu hakuusoma mkataba mpaka mwisho, alipewa mkataba mrefu kama njia ya Tabora. Aliyeshindwa kwa sababu ya hasira, alikalishwa karibu na mtu wa kumtania.

Mwaka mmoja akaja wakili kijana aliyejibu barua hivi: "Sijashindwa kesi yoyote." Mwalimu alifurahi mpaka akanionyesha ile barua jikoni, huku mikono yangu ina unga.

"Huyu tutamfanyia nini?" nikauliza.

"Huyu atafundisha."

Asubuhi akamsimamisha mbele ya wenzake. "Wasomi, huyu mwenzenu hajawahi kushindwa. Leo siku nzima ni yake. Atatufundisha." Akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akatoa kitambaa chake, akaanza kufuma. Yule kijana alimaliza maneno kabla chai ya saa nne haijachemka. Akakohoa. Akafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Kufika mchana alikuwa amekumbuka kesi tatu alizoshindwa, na ya nne ikamrudia wakati anakula.

Nimesema wasomi. Hawa watu wanaitana hivyo, "msomi mwenzangu," hata kama mmoja anamwomba mwenzake chumvi. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu nyuma ya moshi. Na kicheko hicho ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa nimepeleka chai ukumbini. Wakili mmoja mnene wa Dodoma, mwenye tai nyekundu, alikuwa anaeleza jambo. Alipanda, akashuka, akazunguka, akarudi. Nikacheka, nikadhani nimecheka kwa tumbo, kumbe sauti imetoka.

"Mama Mpishi," Mwalimu akasema, "kimekuchekesha nini?"

Mimi si mtu wa kuficha. "Huyu baba anaongea kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha."

Mwalimu akainuka. Akachukua kigoda, akakiweka mlangoni mwa jiko, akasema, "Msomi, njoo huku. Mweleze huyu mama ulichokuwa unatueleza sisi. Na sufuria hazifunuliwi mpaka aelewe."

Siku hiyo nilikuwa nimepika kuku. Kuku wetu, wa kukimbizwa, si hawa wa siku hizi wenye nyama kama iliyoloweshwa. Harufu ilikuwa inatoka mpaka barabarani.

"Mama," akaanza yule wa tai nyekundu, "kampuni ni mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Si mtu wa damu. Ni mtu mbele ya sheria."

"Anakula?"

"Hali."

"Ana mama?"

"Hana mama. Ana, ana waanzilishi."

"Gari lake likinikanyagia vitunguu vyangu, nimfuate wapi? Nitamkuta nyumbani?"

"Utaishtaki kampuni."

"Si umesema hana mama! Nimshtaki kwa nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Hajaelewa," alisema. "Anza upya."

Akaanza upya. Mara ya pili akaleta maneno ya Kiingereza, nikamwambia hayo kawape kuku. Mara ya tatu wenzake wakaanza kumzomea kwa njaa. "Msomi, tuonee huruma! Mweleze kwa mbuzi!" Mara ya nne akavua tai, akachuchumaa chini karibu na mafiga kama mtu wa kwao.

"Mama, watu saba mmechanga, mmenunua mbuzi mmoja. Sawa?"

"Sawa."

"Mbuzi amevunja kamba, amekula shamba la jirani. Jirani akija kudai, atamchukua yule mbuzi. Hawezi kuja kuchukua masufuria yako wala kitanda chako, maana aliyekula ni mbuzi. Kampuni ndiyo mbuzi."

Nikafikiri. Nikasema, "Kwa hiyo wale saba wenye mbuzi wanalala usingizi, na mimi mwenye shamba nimebaki na mifupa ya mbuzi?"

Yule baba akaokota tai yake.

"Sasa mama ameelewa," Mwalimu akasema. "Wewe je, umeelewa? Maana huyo mwenye shamba ndiye atakayekuja ofisini kwako." Ndipo akanipa ishara, nikafunua sufuria.

Tangu siku hiyo kigoda hakikuondoka. Kila mafunzo, siku ya mwisho, mawakili mmoja mmoja walikuja mlangoni kwangu kunieleza walichojifunza, na mimi kazi yangu ilikuwa maneno mawili tu: nimeelewa, au sijaelewa. Wakili akishindwa kwangu, Mwalimu hatii sahihi kwenye cheti chake. Nilipitisha wengi. Niliwarudisha wengi zaidi. Wapo niliowarudisha ambao leo ni majaji, nikiwasikia redioni najisemea, haya, na huyu alilia machozi kwa kitunguu changu akasingizia moshi.

Na adabu. Mwanamke mmoja wakili wa mjini alinikuta nimeinama nachochea kuni, akasema tu, "Mama, niko tayari." Mwalimu alimsikia kutoka ukumbini. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Toka nje. Ingia tena kama mtu aliyelelewa." Akatoka, akaingia, akapiga goti, "Shikamoo mama." Marahaba. Halafu akaeleza vizuri mno, nikampitisha mara moja. Mtu akishapiga goti, maneno yake nayo yanashuka chini yanaeleweka.

Lakini msidhani Mwalimu alikuwa malaika. Yeye aliyewahimiza wenzake waseme wazi, mwandiko wake ulikuwa kama njia za siafu. Aliniandikia orodha ya mahitaji, nikasoma ndizi nikanunua ndizi, kumbe alitaka dawa ya mbu. Na huyu mwanamke aliyewatisha mawakili wenye magari aliogopa jogoo wangu. Jogoo! Nilikuwa na jogoo mwekundu, mrefu wa shingo, mwenye dharau. Mwalimu alikuwa anasimama mlango wa ukumbi na mkoba kifuani, anapiga kelele, "Mama Mpishi, mfunge huyo mnyama!"

"Si mnyama, Mwalimu, ni kuku."

"Nimeona macho yake. Mfunge!"

Kubwa zaidi ni hili. Miaka yote mitatu ya mwanzo alifundisha mikataba, akawaambia mawakili kwamba neno la mdomo ni upepo, andika. Mimi niko jikoni nasikiliza. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, na mimi mkataba wangu uko wapi?"

Alishtuka kama amemwagiwa maji. Kumbe tulikuwa tunapatana kwa mdomo tu, mimi na yeye. Akaketi, akaandika kurasa mbili, akanisomea. Nikasema, "Sijaelewa."

Akanitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Sijaelewa. Anza upya."

Akaandika upya. Sijaelewa. Mara ya tatu akaandika mistari minne, mwandiko mkubwa wa kumwandikia mtoto, nao ndio mkataba. Mimi nitapika siku zote za mafunzo. Yeye ataniambia idadi ya watu wiki moja kabla. Kuku wa uani ni wa kupikiwa wageni. Na tukigombana, hatuendi mahakamani, tunakwenda kwa Hajati mwenye nyumba ya wageni, na atakalosema ndilo. Nilitia dole gumba ingawa najua kuandika, nilipenda wino.

Tukagombana mwaka uleule. Alikuja akasema mkataba unasema kuku wa uani ni wa kupikiwa wageni, jogoo yuko uani, basi jogoo apikwe. Nikamwambia jogoo wangu si kuku wa wageni, ni mwenyeji. Akasema soma mstari wa tatu. Nikasema mstari wa tatu nitakuonyesha unakokwenda. Nikachukua mkataba, nikautia chini ya chungu cha maharage. Ukaungua wote, na wino wa dole langu ukaungua.

"Basi hatuna mkataba," alisema.

"Hatuna!"

Akaenda zake, nikabaki na maharage yangu. Asubuhi yake nilivaa kanga safi, nikaenda kwa Hajati kushtaki. Nilimkuta Mwalimu amekwisha kaa kwenye mkeka, mkoba magotini. Hakuna aliyemwita mwenzake. Hajati, Mungu amrehemu, alitusikiliza wote wawili huku anachambua mchele, halafu akahukumu: jogoo aishi, afungwe mguu Mwalimu akiwapo, na Mwalimu aache kumwita mnyama. Tukakubali. Nilimfunga jogoo. Yeye hakuacha kumwita mnyama.

Sasa huyu aliyekuja na gari la kijivu. Alikuwa wakili mkubwa, wa wale wanaopigiwa simu na mawaziri. Alikuwa amejiandikisha mafunzo ya siku tatu, akatokea siku ya tatu mchana, vyeti vimeshapangwa mezani. Alikuwa na barua ya mtu mkubwa kuliko yeye. Nilikuwa naondoa vikombe, nikasikia kila kitu.

"Mwalimu, nilibanwa na kesi. Ni sahihi tu. Mimi mambo haya nayajua."

Mwalimu aliisoma ile barua mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akamrudishia. Akasema, taratibu kabisa:

"Sitii sahihi. Kamweleze mpishi. Mpishi akielewa, rudi."

"Mpishi?"

Mwalimu alikuwa ameshainamisha kichwa kwenye kazi nyingine.

Yule baba akaja jikoni na suti yake. Moshi ukamkumbatia. Akajaribu kunieleza rehani, mtu akiweka nyumba benki. Sikuelewa. Akajaribu tena, anakohoa. Sikuelewa. Akatoka. Nikadhani ameondoka, kumbe ameenda kwenye gari. Akarudi na doti ya kanga, mpya, ya rangi ya chungwa, bado ina gundi ya dukani.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ya mchumba, "hii ni zawadi tu. Wewe mwambie umeelewa."

Kanga niliipokea. Zawadi haikataliwi, ndivyo nilivyolelewa. Nikaikunja, nikaiweka juu ya rafu, nikajifuta mikono, nikaenda mpaka mlango wa ukumbi nikasema kwa sauti, "Mwalimu! Sijaelewa!"

Aliondoka bila cheti, vumbi la gari lake likaingia kwenye mboga yangu. Kanga niliivaa miaka saba. Na tangu siku hiyo nilikuwa najisifu kisimani, kanisani, msibani: nimeshikwa mkono na wakubwa, lakini sijawahi kusema nimeelewa kama sijaelewa. Binti yangu alichoka kunisikia. Mjukuu wangu alikua akinisikia. Nadhani ndiyo sababu alisomea uwakili, au angalau ndivyo ninavyowaambia watu.

Haya, twende sasa kwa Mwalimu.

Anakaa Kinampanda siku hizi, kwenye nyumba ndogo yenye maua ya kopo. Mafunzo ya mwaka huu alisema ni ya mwisho, na mjukuu wangu alikuwamo. Siku ya kwanza alihudhuria, ya pili alihudhuria. Siku ya tatu, ile ya kumweleza mpishi aliyenirithi, aliitwa na mteja Manyoni, akaondoka. Hilo hakuniambia mpaka tulipokuwa tumeshafika njiani, na kuku wa zawadi nimeshambeba.

"Kwa hiyo ulitoroka," nikasema.

"Bibi, ilikuwa kesi."

"Wote huwa ni kesi."

Akanishika mkono. "Bibi, bila ile sahihi sitasimama mahakamani mwaka mzima. Nitawaambia nini watu walioniamini? Wewe utakuwa ndiye mpishi. Nitakueleza, utasema umeelewa. Basi."

Sikumjibu. Nilikuwa nauangalia ule mlango wa kioo kichwani mwangu, una kufuli. Kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo, na yeye alijua, na mimi nilijua.

Mwalimu alikuwa amekaa barazani. Amekuwa mdogo, miguu haifiki chini vizuri, lakini bado imekaa mbalimbali vilevile. Saa ileile mkononi, saa tatu kasorobo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama Mpishi! Wewe hujafa?"

"Nikafe nimwache nani? Wewe je?"

"Nangoja zamu." Halafu akaona nilichobeba kwapani, akarudi nyuma na kiti chake. "Mfunge huyo mnyama!"

Nilimfunga kwenye nguzo. Tukacheka mpaka tukafuta macho. Mjukuu wangu akapiga goti, akaamkia, akatoa karatasi na kalamu. Mwalimu aliipokea karatasi akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Ulikwenda Manyoni," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba nieleze leo. Na mpishi huyu hapa, ni bibi yangu."

Mwalimu akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Eleza."

Mtoto akasimama wima, kama mahakamani. "Bibi, katika mikataba, mara nyingi kuna kifungu cha usuluhishi. Sasa kwa mujibu wa dhana ya utengano, ukomo au ubatili wa mkataba mkuu hauathiri uhalali wa kifungu husika. Yaani, mkataba unaweza kufa, lakini kifungu kikabaki hai."

Alisema kwa sauti nzuri sana. Alikuwa amependeza. Nilimwona akiwa mtoto amefungwa mgongoni mwangu kwenye moshi wa Misigiri, nikaona na leo, na lile neno likanitoka.

"Nimeelewa."

Mungu ananisikia. Mara ya kwanza katika maisha yangu.

Mwalimu akaweka karatasi pajani. "Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa, Mwalimu."

"Haya, nieleze mimi."

Nikatafuta, nikamwona kuku pale kwenye nguzo. "Ni kama kuku," nikasema. "Unamchinja, amekufa. Lakini anakimbia. Kichwa hakipo na bado anakimbia uani. Ndiyo hivyo, mkataba umekufa na kifungu kinakimbia."

"Anakimbia mpaka wapi?"

"Mpaka pale... mpaka anapoanguka."

"Akianguka?"

"Amekufa."

"Basi na kifungu kimekufa. Si alisema kinabaki hai?"

Mjukuu wangu akaangalia vidole vya miguu yake. Mwalimu hakukasirika. Aliniinamia, sauti yake ikashuka, ikawa ile ya jikoni.

"Mama Mpishi. Ule mkataba wetu ulipoutia chini ya maharage, uliungua wote?"

"Wote."

"Tulisema hatuna mkataba?"

"Tulisema."

"Asubuhi yake ulikwenda wapi?"

"Kwa Hajati."

"Nani alikutuma?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na jambo lote likaniingia kwa pamoja, kama mtu aliyefungua dirisha. Tulikuwa tumepatana kwamba tukigombana tutakwenda kwa Hajati. Karatasi iliungua, ugomvi ukabaki, na ule mpatano wa kwenda kwa Hajati ukabaki umesimama palepale, ukasubiri watu wawili wakorofi kwenye mkeka.

"Nimeelewa!" nilipiga kelele, mpaka kuku akaruka. "Mwalimu, nimeelewa! Kweli kabisa! Mjukuu wangu, nimeelewa! Mpe kalamu!"

Mtoto akaruka, akashika kalamu kwa mikono miwili, akamnyooshea. Mwalimu akaitazama ile kalamu. Akatazama na saa yake.

"Umeelewa kwangu," aliniambia. "Kwake hukuelewa."

Kisha akamgeukia mjukuu wangu, wakili, mwenye joho, mwenye ofisi ya mlango wa kioo, akaikunja karatasi vizuri, akamrudishia mkononi, taratibu kabisa.

"Sitii sahihi. Kamweleze mpishi. Mpishi akielewa, rudi."